Mwongozo mmoja hautoshi mkulima na wakala

MKULIMA wa Katubuka, Kigoma, anapofika duka la pembejeo mvua zikikaribia, ana swali moja: namba yake itampatia mifuko mingapi ya mbolea? Mwenye duka ana maswali mengine. Namba ikikataliwa afanye nini? Mtandao ukikatika katikati ya mauzo, fedha zake za ruzuku atazipataje? Wote wanategemea mfumo mmoja wa kompyuta, lakini mwongozo unaomfaa mmoja humchanganya mwingine.

Suala hilo lilipata uzito Agosti 8, 2022, Serikali ilipozindua jijini Mbeya ruzuku ya mbolea inayopitia mfumo wa kidijitali. Mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 130,000, ulipangiwa shilingi 70,000. Ili kupata bei hiyo mkulima alipaswa kujiandikisha, kupokea namba kwenye simu na kuipeleka kwa wakala. Aliyekosea hatua moja alikuwa hatarini kupoteza shilingi 60,000 kwa kila mfuko.

Mwongozo mzuri hufuata kazi ya mtumiaji, si mpangilio wa vitufe. Wa mkulima utoshe karatasi moja yenye herufi kubwa: ajiandikishe wapi, ataje ekari ngapi, namba aitunzeje, na simu ikipotea aende kwa nani. Wa wakala uwe mrefu kidogo, uonyeshe mauzo tangu kuingiza namba hadi kuhakiki stoo, na uorodheshe makosa yanayotokea mara kwa mara pamoja na dawa yake. Wa mtendaji anayeandikisha ueleze jinsi ya kusahihisha jina au ukubwa wa shamba.

Lugha nayo ni mtaji. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hudai faharasa, ili neno moja libaki na maana moja. Vivyo hivyo, "namba ya mkulima" isigeuke "kitambulisho" kwenye ukurasa wa pili.

Kabla ya kuchapa nakala nyingi, mwandishi ampe mkulima mmoja na muuza duka mmoja, kisha akae kimya awatazame. Wanapokwama ndipo pa kuandika upya. Gharama ya karatasi ni ndogo kuliko ya msimu uliopotea.