Baleti siku ya kwanza: mtoto avae nini?

Binti yangu wa miaka mitano alipoanza darasa la baleti, nilimnunulia viatu vilivyomzidi saizi mbili, nikijiambia atakua navyo. Nusu saa haikwisha akateleza, akaanguka, akagoma kuendelea. Nilitaka kuokoa shilingi, nikapoteza hamu ya mtoto.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, anza na viatu. Vya mtoto ni vya ngozi laini au kitambaa, vyepesi, vyenye mkanda wa lastiki. Vimkae sawasawa, vidole vinyooke bila kubanwa. Kama bado hujanunua, miguu mitupu yafaa, soksi huteleza. Vile vya ncha ngumu si vya mtoto mdogo. Huvaliwa baada ya miaka ya mazoezi, aghalabu si kabla ya miaka 11 au 12, mifupa ya mguu ikiwa imeanza kukomaa.

Nguo ni liotadi na taiti, ili mwalimu aone kama magoti na mgongo vimenyooka. Anayejali stara asihofu: liotadi ya mikono mirefu, taiti nzito na sketi fupi juu yake hutosha. Gauni refu humkwaza mtoto. Muulize mwalimu kabla ya kununua. Pengine fulana na taiti za nyumbani zatosha kuanzia.

Nywele zifungwe, bangili na herini za kuning'inia zibaki nyumbani. Na mpeleke msalani kabla hujamvalisha!

Wiki iliyofuata binti yangu alivaa viatu vya saizi yake. Aliniacha mlangoni bila hata kuniaga.