Akishinda ni wetu, akikosa ni wao

Kila mara mashindano makubwa ya dunia yanapofika, Wakristu wetu wanasikiliza redio, wanasoma magazeti, wanatazama picha. Kiisha wanakuja kumuuliza padri ao katekista: «Je, ni kweli kwamba watu wa inchi fulani ni wadanganyifu? Gazeti limesema hivyo.» Jibu si gumu. Lakini mbele ya kulitoa, tunapashwa kujua ginsi habari za namna ile zinavyotengenezwa.

Tuchukue mufano mumoja unaojulikana sana. Ben Johnson alizaliwa Jamaika mwaka 1961. Mwaka 1976, akingali kijana, alihamia Kanada, akakaa katika muji wa Toronto. Huko alifundishwa mbio na mwalimu Charlie Francis. Mwaka 1984, katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, alipata medali ya shaba katika mbio za metre 100. Mwaka 1987, kule Roma, alizikimbia metre hizo kwa segonde 9,83. Mbele yake hapakuwa mutu aliyefika pale. Mwaka ule ule inchi ya Kanada ilimupa nishani yake kubwa ya heshima.

Ndipo ikafika Olimpiki ya Seoul, Korea ya Kusini. Tarehe 24 Septemba 1988 Johnson alikimbia kwa segonde 9,79, akamushinda Carl Lewis wa Marekani. Waziri wa kwanza wa Kanada, Brian Mulroney, alimupigia simu kumupongeza, na watu walisikiliza maneno yao kwa televizio. Siku tatu baadaye habari nyingine ilitoka: katika mukojo wa Johnson walikuta dawa iliyokatazwa, stanozolol, inayozidisha nguvu za mwili. Alinyanganywa medali, nayo ikapewa Lewis.

Hapa ndipo tutazame vizuri. Watu waliochunguza magazeti ya Kanada ya wakati ule wameonyesha ginsi jina la mukimbiaji lilivyobadilika. Alipokuwa mushindi aliitwa «Mukanada». Habari mbaya ilipotoka, akawa «Mukanada muzaliwa wa Jamaika». Kiisha, kwa wengine, akawa «Mujamaika» tu. Mutu ni yule yule, miguu ni ile ile, karatasi zake za uraia ni zile zile. Wengine walitaja hata kigugumizi chake, kana kwamba ulimi ndio uliomeza dawa.

Tuelewane. Hatusemi kwamba Johnson hakukosa. Alikosa, naye mwenyewe aliungama mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 1989. Mwaka 1993 alipatikana tena na kosa, akakatazwa mashindano kwa maisha yote. Anayekimbia kwa nguvu ya dawa anamuibia mwenzake anayekimbia kwa nguvu zake mwenyewe. Kumutetea kwa uwongo ni kuongeza kosa juu ya kosa. Swali letu ni lingine: kosa hili ni la nani?

Serikali ya Kanada iliweka tume, na mukubwa wake alikuwa mwamuzi Charles Dubin. Tume ilisikia mashahidi kwa miezi mingi. Mwalimu Francis alieleza bila kuficha kwamba wakimbiaji wake kadhaa walikuwa wakitumia dawa tangu miaka mingi. Munganga Jamie Astaphan ndiye aliyemupa Johnson dawa. Ilionekana vilevile kwamba hata kati ya wale wanaonyanyua vyuma dawa zilitumika. Tena tume iliwalaumu wakubwa wa michezo, kwani hawakufanya bidii kuwapima wachezaji wakati wa mazoezi, ndio wakati dawa zinapotumika zaidi. Basi tuone: mwalimu aliyejua yote alikuwa muzaliwa wa Toronto. Kosa halikutoka Jamaika ndani ya sanduku la kijana muhamiaji. Lilifanyika Kanada, na Wakanada wengi walishiriki.

Na Lewis? Mwaka 2003 karatasi zilizotoka Marekani zilionyesha kwamba yeye pia, mwaka ule wa 1988, katika mashindano ya kuchagua wakimbiaji wa Marekani, alikutwa na dawa za kuamsha mwili zilizokatazwa. Wakubwa wa michezo wa kwao walikubali kwamba hakukusudia, wakamuacha aende Seoul. Kweli, dawa hizo hazikuwa na ukali wa ile ya Johnson. Lakini hakuna aliyeweza kumutafutia inchi nyingine ya kumurudishia. Yeye alikosa kama mutu mumoja tu.

Sababu gani magazeti yanafanya hivi? Kwanza, kichwa cha habari ni kifupi. Jina la inchi linajaza pahali pa maelezo marefu. Pili, inchi iliyopata haya inataka kujiosha, na njia ya upesi ni kusema: «Huyu hakuwa wetu kabisa.» Tatu, habari inatoka siku ile ile, lakini uchunguzi unadumu miezi mingi. Ukweli unapofika, wasomaji wamekwisha kuenda zao. Tena muchezaji mugeni hana ndugu wengi kati ya waandikaji, wa kumusemea.

Mara nyingine mambo yanageuka: mugeni anasamehewa, na inchi iliyomupokea ndiyo inayochafuliwa. Mwezi wa Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, muogeleaji Mumarekani Ryan Lochte alisema kwamba yeye na wenzake watatu waliibiwa na watu wenye silaha. Habari ilizunguka dunia upesi, kwani Rio ilikuwa na sifa ya wezi. Polisi walipochunguza, walikuta mambo mengine: waogeleaji waliharibu vitu penye duka la mafuta ya motokari, na walinzi wenye silaha waliwazuia mpaka walipe. Lochte alikubali kwamba alizidisha maneno, akakatazwa mashindano kwa miezi 10. Lakini hata musemaji mumoja wa michezo ile aliomba vijana hao wasisumbuliwe. Lochte alikuwa na miaka 32! Muji muzima ulisingiziwa wizi, na uwongo wa mutu muzima ukaitwa utoto.

Wala si lazima pawe na kosa kubwa. Romelu Lukaku, aliyezaliwa Antwerp mwaka 1993 na wazazi Wakongo, aliandika mwaka 2018 kwamba alipocheza vizuri magazeti yalimuita Mubeleji, na alipocheza vibaya waliongeza kwamba asili yake ni Kongo. Yeye hakumeza dawa wala hakudanganya mutu. Kukosa goli kulitosha.

Basi, mutu akituletea gazeti, tumufundishe kuuliza maswali matatu. La kwanza: kosa hili limehakikishwa, na nani? La pili: mbali na muchezaji, nani mwingine alijua, nani alimupa, nani alinyamaza? La tatu: kama angalishinda, gazeti lingalimuita namna gani? Jina likibadilika pamoja na bahati, tujue kwamba gazeti limeacha kueleza, limeanza kuhukumu.

Na tusiwacheke Wazungu peke yao. Mwizi akikamatwa sokoni kwetu, wengi wanauliza kwanza kabila lake, mbele ya kuuliza aliiba nini. Lakini mutoto wa kabila lile lile akipata diploma, tunasema ni mutoto wa parokia yetu. Kwa hiyo yule anayeuliza kama watu wa inchi fulani ni wadanganyifu, tumujibu hivi: mutu mumoja alidanganya, pengine pamoja na wenzake, tuwataje wote waliohakikishwa, wala tusimutaje asiyekuwapo.