Ngiri imepona, korodani iko wapi?

Mtoto wa kiume aliyepasuliwa ngiri akiwa mchanga hurudi Sibwesa, huku mkoani Katavi, na kidonda kidogo kinenani. Kidonda kikikauka, nyumbani habari imekwisha. Lakini miaka kadhaa baadaye korodani ya upande uleule inaweza kupanda na isirudi. Hutokea kwa wachache, ila ni rahisi kuchelewa kuigundua: korodani hupanda mtoto anapokua, na hapo ndipo mama anapoacha kumwogesha.

Mtoto akiwa tumboni, korodani huanzia karibu na figo, kisha hushuka kwa njia inayopita kinenani hadi kwenye mfuko wake. Njia hiyo isipojifunga, utumbo unaweza kuteremka humo. Hiyo ndiyo ngiri. Daktari anapoifunga hufanya kazi palepale ilipo mishipa ya damu ya korodani na mrija wa mbegu. Kovu likishikana nayo, mtoto anarefuka, kovu halirefuki, korodani inavutwa juu. Wakati mwingine haikuwa imeshuka vizuri tangu mwanzo na hakuna aliyeiona kabla ya upasuaji.

Huko juu ni joto mno. Korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ikikaa huko, uwezo wa kutengeneza mbegu hupungua na hatari ya saratani ukubwani huongezeka.

Haya yasimfanye mzazi akatae upasuaji wa ngiri. Utumbo ukinasa, mtoto anaweza kufa, na dawa za chango haziifungi ile njia.

Kinachotakiwa ni kukagua. Mtoto akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ametulia, kwa sababu baridi na woga hupandisha hata korodani nzima. Papasa mfuko taratibu, pande zote mbili. Ikishuka na kubaki chini, aendelee kuangaliwa kila mwaka. Isiposhuka, omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, Mpanda. Ikibidi watampeleka Mbeya. Usianze kwa kutumia fedha kwenye ultrasaundi. Mikono ya daktari mzoefu hugundua zaidi.

Kuishusha korodani baada ya upasuaji wa awali ni kazi ngumu zaidi, maana daktari anapita kwenye kovu. Mpelekee ile karatasi ya ruhusa aliyopewa mtoto alipotoka hospitali, inayoeleza alipasuliwa upande gani na lini.