Timu Iliyokosa Mpinzani

Muhula uliopita timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilicheza michezo minne ya wilaya ikashinda yote minne, na mmoja kati ya hiyo tulishinda kwa pointi 58 kwa 9. Tulirudi shuleni tukiimba garini. Majuma mawili baadaye tulikwenda mkoani, tukatolewa katika mchezo wa kwanza kwa pointi mbili tu, tena baada ya kuongoza mpaka dakika ya mwisho. Tangu siku hiyo mwalimu wetu wa michezo ameamuru tufanye mazoezi na wavulana mara mbili kwa juma. Baadhi ya dada zetu wananung'unika. Wengine wasema ni aibu, wengine kwamba ni adhabu ya kushindwa. Wavulana nao, hasa wale wa Kidato cha Tatu, wamepata la kuzungumza bwenini.

Kwa kuwa ni mimi niliyepewa kazi ya kuandika habari za michezo safari hii, nimeona heri nieleze jambo hili limetoka wapi, maana halikuanzia hapa kwetu. Pia nitajaribu kujibu swali ambalo wengi wameuliza tangu tulipotoka mkoani: je, kushinda kwa urahisi humdhuru mshindi? Swali hilo lina mfano mkubwa katika nchi ya Marekani, nao ni mfano wa wasichana wa Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho watu hukiita UConn kwa ufupi.

Chuo hicho kiko katika mji mdogo uitwao Storrs, kaskazini-mashariki ya Marekani. Mwalimu wa timu ya wasichana ni Bwana Geno Auriemma, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani angali mtoto. Alipoanza kazi hiyo mwaka 1985, timu ilikuwa imewahi kupata msimu mmoja tu ambao michezo ya kushinda ilizidi ya kushindwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1995, alichukua ubingwa wa nchi nzima kwa mara ya kwanza, na kufika mwaka 2025 alikuwa ameuchukua mara kumi na mbili. Wanawake wengi waliopita mikononi mwake wamekwenda kucheza kwa mshahara.

Sasa, msomaji hana budi kufahamu kwanza jinsi mashindano yao yalivyopangwa, la sivyo habari hii haitamwingia. Vyuo vikubwa vya Marekani, zaidi ya mia tatu, vimegawanyika katika ligi zaidi ya thelathini. Kila chuo hucheza michezo mingi na wenzake wa ligi moja kuanzia majira ya baridi, na baadhi ya michezo na vyuo vya nje ambavyo mwalimu huchagua mwenyewe. Mwezi wa Machi huanza mashindano ya nchi nzima. Katika mingi ya miaka nitakayoisimulia, timu 64 ndizo zilizoingia: mabingwa wa ligi zote, na nyingine zilizochaguliwa na kamati kwa kuangalia zilimshinda nani na zilishindwa na nani. Huko hakuna kurudiana. Ukishindwa mara moja unafunga mizigo. Anayetaka ubingwa lazima ashinde michezo sita mfululizo.

Kwa miaka mingi UConn walikuwa katika ligi iitwayo Big East, iliyokuwa na timu kali za wasichana kama Notre Dame, Louisville na Rutgers. Lakini ligi hizo hazikupangwa kwa ajili ya mpira wa kikapu wa wasichana. Zilipangwa upya kwa ajili ya ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi na kuangushana, kwa maana ndio unaoleta fedha nyingi za televisheni. Fedha hizo ziliwafanya wakubwa wa vyuo wahamehame. Notre Dame wakatoka, na vyuo saba vya Kikatoliki vikaondoka na jina la Big East, na mwaka 2013 UConn wakajikuta katika ligi iliyobaki, ambayo iliitwa American. Rutgers na Louisville walikaa nao msimu mmoja tu, kisha wakaenda zao. Waliobaki walikuwa wametawanyika mno: Houston, Tulsa, Memphis, Tulane wa New Orleans, South Florida wa Tampa, na wengineo. Yaani wasichana wa Storrs walisafiri kwa ndege mwendo wa mbali sana kwenda kumfunga mtu ambaye kila mmoja alijua atafungwa.

Nao walifungwa. UConn walikaa katika ligi hiyo misimu saba, kuanzia mwaka 2013 hata 2020. Walicheza na wenzao wa ligi michezo 118 ya kawaida na 21 ya kombe la ligi, jumla 139. Walishinda 139. Nimelirudia hesabu hilo mara mbili kwa kalamu kwa sababu nami sikuliamini. Mara moja tu, mwezi wa Februari mwaka 2017, walinusurika kwa shida: Tulane waliwapeleka mpaka 63 kwa 60.

Mtu atasema, basi wamebahatika. Lakini fikiri mchezo wa namna hiyo unavyokwenda. Kufika mapumziko umeongoza kwa pointi thelathini. Katika robo ya tatu mwalimu anawatoa wale watano wa kwanza, kwa maana hana haja ya kuwachosha wala kuwavunja miguu. Robo ya mwisho wanaitazama wakiwa kwenye benchi na taulo shingoni. Wanacheza hivyo Januari yote na Februari yote. Ustadi wa kutupa mpira wanao, mbio wanazo, umoja wanao. Lakini ile dakika ya mwisho, pumzi zimekwisha, pointi ziko sawa, refa anakupigia kosa ambalo hukulifanya, na kikapu chaonekana kidogo kama kikombe cha chai, dakika hiyo hawaionji.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Kuanzia Novemba mwaka 2013 hata Aprili mwaka 2018, misimu mitano, UConn walicheza michezo 191 na wakashindwa mitatu tu. Itazame hiyo mitatu. Novemba 2014 walishindwa na Stanford, 88 kwa 86, katika dakika za nyongeza. Baada ya hapo walishinda michezo 111 mfululizo, ambao ni mfululizo mrefu kuliko wowote katika mpira wa kikapu wa vyuo vikubwa, wa wanaume na wa wanawake. Ukakatwa tarehe 31 Machi mwaka 2017 huko Dallas, katika nusu fainali, na Mississippi State: 66 kwa 64, katika dakika za nyongeza. Mwaka uliofuata, nusu fainali tena, Notre Dame wakawatoa 91 kwa 89. Katika dakika za nyongeza.

Mara tatu wameshindwa, mara zote tatu baada ya muda wa kawaida kwisha pointi zikiwa sawa, na mara zote tatu kwa pointi mbili. Hakuna aliyeweza kuwapiga kwa kuwa bora kuliko wao mchezo mzima. Waliweza kuwapiga kwa kuwaburuta mpaka mahali ambapo hawakuwa wenyeji.

Kisa cha mwaka 2017 ndicho kichungu zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, timu hizo mbili zilikuwa zimekutana, na Mississippi State walifungwa 98 kwa 38, tofauti ya pointi sitini. Kwa hiyo walipokutana tena watu walikwisha kuanza kuzungumza habari za fainali. Lakini wale waliofungwa sitini walikuwa wamerudi kwao na kukaa mwaka mzima katika ligi ngumu, wakipigwa na kupiga. Katika dakika tano za nyongeza, mpira ulimfikia Morgan William, msichana wa kimo cha sentimita 165 hivi, akaruka na kuutupa, na kengele ililia mpira ungali hewani. Ukaingia. Mwaka 2018 Arike Ogunbowale wa Notre Dame aliwafanyia vivyo hivyo saa ikikaribia kwisha. (Siku mbili baadaye aliwafanyia Mississippi State jambo lile lile katika fainali, hata hao nao wakajua ladha yake.)

Je, basi ligi dhaifu ndiyo iliyowaua? Wapo waliosema hivyo kwa nguvu. Mimi sikubali moja kwa moja. Katika ligi hiyo hiyo dhaifu UConn walichukua ubingwa wa nchi mwaka 2014, 2015 na 2016. Wakati huo walikuwa na Breanna Stewart, msichana mrefu wa sentimita 193 hivi, aliyeweza kucheza karibu na kikapu na mbali vilevile, na ambaye aliondoka chuoni na ubingwa wa nchi kwa kila mwaka aliokaa, yaani minne. Mwaka 2016 wachezaji watatu wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa za wanawake, wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote walitoka UConn: Stewart, Moriah Jefferson na Morgan Tuck. Watu kama hao ni nadra kufikishwa katika dakika za nyongeza na mtu. Udhaifu wa ligi uliwafunika wote. Ulikuja kuonekana walipoondoka wale wakubwa, na wadogo wakabaki na historia ya kushinda bila kujua jinsi ushindi unavyonyang'anywa.

Bwana Auriemma hakuwa mjinga wa jambo hili. Alifanya mambo mawili. La kwanza, kila msimu alitafuta michezo ya nje na wale wakali: Notre Dame, Baylor, South Carolina, Maryland, Stanford. Msimu wa 2016 hata 2017 mchezo wake wa kwanza ulikuwa na Florida State, akaponea kwa 78 kwa 76. Kamati nayo huangalia hayo. Mwaka 2019 UConn waliingia mashindano ya nchi wakiwa wameshindwa mara mbili tu, na Baylor na Louisville, lakini bado kamati iliwaweka wa pili katika fungu lao, chini ya Louisville. Ushindi wao mwingi wa ligi haukuhesabiwa kitu kikubwa. Wakakutana na Louisville wakawatoa, kisha Notre Dame wakawatoa wao.

La pili ndilo linalotuhusu. Wasichana wa UConn hufanya mazoezi na wavulana. Si wavulana wa timu ya chuo, bali wanafunzi wa kawaida waliocheza mpira walipokuwa shule za sekondari, ambao hujitolea bila malipo. Vyuo vingi vya Marekani hufanya hivyo siku hizi. Kazi ya wavulana hao ni kuwa warefu zaidi, kuwa wepesi zaidi, na kuiga mchezo wa timu itakayokutana na wasichana juma lijalo. Hakuna anayewacheka wasichana wanapozuiwa mpira, maana ndivyo ilivyokusudiwa. Ikiwa mpinzani wako wa Jumamosi hawezi kukusumbua, basi asumbue mtu wa Jumanne.

Nisiwasahau wale waliofungwa. Tumezoea kuwahurumia tu, lakini South Florida, ambao mara kwa mara ndio waliofika fainali ya ligi na UConn, walikua katika miaka hiyo, wakaingia mashindano ya nchi mara nyingi. Kipimo chao kilikuja nyumbani kwao kila mwaka. Labda wao ndio waliofaidi ligi ile kuliko bingwa wake. Nasema hivyo pia kwa ajili ya shule ile tuliyoifunga 58 kwa 9, ambayo wasichana wake walikuja baada ya mchezo kutuuliza jinsi tunavyokaba.

Mwaka 2020 UConn walirudi Big East, karibu na kwao. Tarehe 9 Februari mwaka 2022, katika mji wa Hartford, Villanova waliwafunga 72 kwa 69. Walikuwa wameshinda michezo 169 mfululizo ya ligi, tangu Machi 2013. Ni kweli kwamba nyota wao, Paige Bueckers, alikuwa mgonjwa wa goti. Mwaka 2023 Marquette na St. John's nao wakawafunga. Msimu wa 2024 hata 2025 UConn walishinda ligi tena bila kupoteza mchezo hata mmoja, lakini nje ya ligi walipigwa mara tatu, na Notre Dame, na Southern California, na Tennessee. Mwezi wa Aprili, huko Tampa, wakawafunga South Carolina 82 kwa 59 wakawa mabingwa.

Mwalimu wetu ameongeza jambo moja lake mwenyewe. Kila Alhamisi, tukiisha choka, anaandika ubaoni 40 kwa 40, anaweka saa dakika tano, na tunacheza na wavulana mpaka mmoja ashinde. Mpaka ninapoandika, sisi tumeshinda mara mbili, wao mara saba. Mara ya mwisho tulishindwa kwa pointi moja. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu jioni, na wavulana wawili wanahitajika bado, warefu, watakaoandika majina yao kwa kaka mkuu wa michezo kabla ya Ijumaa.