Kope Iliyokatwa Hairudi kwa Tyubu

"Daktari, nipake nini kope irudi?" Naulizwa kliniki, naulizwa kwenye WhatsApp, na juzi nimeulizwa harusini na mtu aliyenivuta pembeni huku biriani yangu ikipoa. Hakuna cha kupaka. Ngozi ya kope iliyozidishwa kukatwa kwa ajili ya urembo iliishia kwenye ndoo ya taka ya chumba cha upasuaji, na si mafuta ya nazi, si asali, si mshubiri, si krimu ya Dubai itakayoiotesha upya.

Mafuta ya nazi sina ugomvi nayo, yatachafua foronya tu. Ugomvi wangu ni na tyubu na vichupa vya steroidi: deksamethasoni, betamethasoni, klobetasoli, mara nyingine zikiwa zimechanganywa na antibiotiki, vinavyouzwa mtaani bila cheti cha daktari. Eti vinalainisha kovu na kurudisha kope. Nani kasema? Shoga wa muulizaji, aliyefanyiwa upasuaji wa kope mwaka jana, akapaka, akapona.

Kupona alipona, na angepona hata asingepaka. Kope iliyopasuliwa huvimba na kubana. Sehemu kubwa ya uvimbe huisha ndani ya wiki chache, na kovu huendelea kulainika kwa miezi 6 hadi 12. Steroidi hupunguza wekundu na uvimbe, hivyo anayeanza kupaka wiki ya pili huona nafuu wiki ya tatu, na sifa zote zinakwenda kwa tyubu. Ngozi yenyewe haijaongezeka hata nusu milimita. Ikipakwa kwa muda mrefu, steroidi huikondesha ngozi, na ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki milimita moja. Umekwenda kutafuta ngozi, umerudi na pungufu.

Na hilo ndilo dogo. Dawa hiyo ikipenya jichoni siku baada ya siku inaweza kupandisha presha ya jicho. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu presha yake hupanda kwa kiasi fulani akitumia matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, na wachache hupanda vibaya sana. Haiumi, haiwashi. Uwezo wa kuona unaliwa kuanzia pembeni, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Mwenye mzazi au ndugu mwenye presha ya macho yuko hatarini zaidi. Mtoto wa jicho naye anaweza kuletwa na dawa hiyohiyo. Mimi pia huandika steroidi, lakini kwa siku chache, na mgonjwa anarudi nimpime presha. Muuza duka anampima nani?

Tatizo lenyewe, jicho lisilofunga kwa sababu ngozi imekatwa mno, linaonekana hivi. Namwambia mgonjwa afumbe macho taratibu kama anayesinzia, asibane. Nikimulika kwa tochi, katikati ya kope unabaki mstari mweupe wa milimita 2 au 3. Naweka tone la rangi ya machungwa, nazima taa, nawasha mwanga wa bluu: sehemu ya chini ya kioo cha jicho inatoa vidoa vya kijani. Hapo pamekauka, kwa sababu jicho likifumbwa huviringika kuelekea juu na chini hubaki wazi usiku kucha. Kisha rula. Kutoka kwenye nyusi hadi mashina ya nywele za kope tunataka zibaki milimita 20 hivi za ngozi. Mwenye 14 akiniomba "nipunguzie kidogo na upande wa kushoto zilingane", nampa rula na kioo ajipime mwenyewe.

Njia zilizopo, basi. Jicho lisilofunga: machozi ya bandia mchana, dawa ya mgando na tepu usiku, kukanda kovu kwa namna utakayoonyeshwa, kope nyingi huachia zenyewe. Isipoachia, ngozi hupandikizwa kutoka nyuma ya sikio au kope nyingine yenye ziada, na rangi inaweza isilingane. Kope ya chini iliyovutika: kukaza kona ya nje, kuinua nyama ya shavu, au kuiegemeza kwa kipande cha kaakaa au gegedu la sikio. Mashimo chini ya macho: mafuta yako mwenyewe, au filla ya asidi ya hayaluroniki, ambayo ina dawa ya kuiyeyusha, lakini si kazi ya saluni, ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha. Kope bado inaning'inia? Huenda kosa ni la msuli unaoiinua, au nyusi zimeshuka, na kila moja ina upasuaji wake. Ziada ndogo ya ngozi ndiyo rahisi: ganzi ya sindano, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa urembo, subiri miezi 6. Kwa jicho linalouma au kuogopa mwanga, usisubiri hata wiki. Njoo na picha za kabla, zisizopambwa kwa simu, pamoja na ripoti ya upasuaji, hata kama ulifanyiwa Istanbul. Na aliyefanyiwa leo au jana, jicho likaanza kuuma sana, kutokeza nje na kuona giza, huenda damu inajikusanya nyuma ya jicho: aende hospitali yenye daktari wa macho saa hiyohiyo, tena bila kunipigia mimi kwanza.