Kasi na Kusubiri: Kusoma Namba za Kumbukumbu ya Kompyuta

Kumbukumbu ya kompyuta, ambayo mafundi na wauzaji huiita RAM, ni mahali ambapo programu na data zinazotumika kwa wakati huo huwekwa karibu na prosesa, na hutofautiana na diski kwa kuwa hupoteza kila kitu mara umeme unapokatika. Katika miji ya Kitui, Mwingi, Wote na Emali, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo na kuletwa nchini kwa jina la ex-UK ni bidhaa ya kawaida, kadi ya RAM huuzwa kwa namba mbili: ukubwa, unaohesabiwa kwa gigabaiti, na kasi, inayoandikwa 2133, 2400, 2666 au 3200. Ukubwa hauna utata. Kasi ndiyo huwachanganya wanunuzi, kwa sababu huonekana kwa sura moja kwenye lebo na kwa sura nyingine kwenye programu za ukaguzi, na kwa sababu kando yake kuna namba nyingine ndogo, ziitwazo nyakati, ambazo dukani hazitajwi kabisa.

Lebo yenyewe hueleza mengi kwa anayejua kuisoma. Kadi ya kawaida ya kompyuta ya mkononi huweza kuandikwa 8GB 1Rx8 PC4-3200AA-SA2-11. Sehemu ya kwanza ni ukubwa; 1Rx8 humaanisha kwamba chipu zimepangwa katika kundi moja na kwamba kila chipu hutoa biti nane kwa mara moja, hivyo chipu nane hutimiza biti 64 ambazo husafirishwa kwa mkupuo mmoja; PC4 ni kizazi cha DDR4, ambacho viwango vyake vilitangazwa na shirika la JEDEC mwaka 2012; 3200 ni kasi; na herufi AA, ambazo wengi huzipita bila kuzitazama, ni kifupi cha nyakati 22-22-22. Kadi ya zamani zaidi iliyoandikwa 2133P ina nyakati 15-15-15, na ile ya 2400T ina 17-17-17. Herufi zinazobaki huhusu muundo wa ubao wa kadi, na mnunuzi anaweza kuziacha.

Namba 3200 mara nyingi husomwa kana kwamba ni megahezi, yaani mipigo milioni 3,200 ya saa ya kadi kwa kila sekunde, lakini sivyo ilivyo. Tangu viwango vya DDR vilipotolewa mwaka 2000, kumbukumbu husafirisha data mara mbili katika kila mpigo, mara moja mpigo unapopanda na mara ya pili unaposhuka, kwa hiyo kadi ya 3200 ina saa inayopiga megahezi 1,600 pekee, na 3200 ni idadi ya misafara ya data kwa mamilioni katika sekunde moja. Hii ndiyo sababu programu ya CPU-Z, inayosoma saa yenyewe, huonyesha nusu ya namba iliyoandikwa kwenye lebo, ilhali Windows huonyesha namba kamili. Mnunuzi anayeona 1,200 kwenye CPU-Z baada ya kulipia kadi ya 2400 hajapunjwa, kwani vipimo hivyo viwili vinaeleza jambo moja. Wauzaji wengine huandika PC4-25600 badala ya PC4-3200, na hapo namba ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, yaani misafara milioni 3,200 ikizidishwa kwa baiti nane za kila msafara.

Hata hivyo, namba ya lebo ni kikomo cha uwezo wa kadi, wala si ahadi kwamba mashine itafika hapo. Kompyuta ya mkononi ya HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya mashine zilizotumika ofisini zinazojulikana sana, ina nafasi mbili za kadi za DDR4 na prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, kama vile Core i5-6300U, ambayo huendesha DDR4 kwa kasi isiyozidi 2133. Kadi ya 3200 ikiwekwa humo, kwa kawaida hufanya kazi bila tatizo, lakini hushuka hadi 2133, na CPU-Z huonyesha megahezi 1,066. Vivyo hivyo, kadi ya 2400 ikiwekwa kando ya kadi ya 2133, zote mbili hufuata mwendo wa ile ya polepole, kama vile msafara wa punda unavyofuata mwendo wa punda aliyechoka. Maelewano haya hufanyika mashine inapowashwa, ambapo ubao mkuu husoma chipu ndogo iliyo kwenye kila kadi, iitwayo SPD, yenye jedwali la kasi na nyakati ambazo kadi inaweza kuzihimili. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa SPD katika CPU-Z hueleza kile ambacho kadi inaweza kufanya, na ukurasa wa kumbukumbu hueleza kile inachofanya kwa sasa, na anayechanganya kurasa hizo mbili hutoa hukumu isiyo sahihi juu ya mashine.

Nyakati huhitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa zinatokana na umbo la ndani la chipu. Kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo ya umeme katika kapasita moja inayofunguliwa na transista moja, muundo ambao Robert Dennard wa kampuni ya IBM alipewa hataza yake mwaka 1968, na kapasita hizo zimepangwa kwa safu za mlalo na safu za wima. Prosesa haiwezi kuchota biti zake moja kwa moja, bali lazima safu mlalo nzima ifunguliwe kwanza, yaani chaji zake zisomwe na kushikiliwa pembeni mwa chipu, ndipo safu wima inayotakiwa ichaguliwe, na kabla ya kufungua safu mlalo nyingine ile ya kwanza hulazimika kufungwa.

Utaratibu huu hautofautiani sana na uchotaji maji katika mito ya msimu kama Thwake na Kaiti, ambako maji ya kiangazi hukaa chini ya mchanga. Anayekwenda huko hachovyi mtungi papo hapo, bali huondoa matawi ya miiba yaliyowekwa juu ya kisima kuzuia mifugo, huzoa mchanga ulioporomoka, husubiri maji yajikusanye, kisha hupiga kata ya kwanza, na akitaka kuhamia kisima kingine hurudisha miiba kwanza. Muda wa kufungua kisima mpaka maji yawe tayari ni sawa na namba iitwayo tRCD. Muda wa kata ya kwanza kufika mtungini ni CL. Muda wa kukifunga kisima ni tRP. Na muda mfupi kabisa ambao kisima lazima kibaki wazi kabla ya kufungwa ni tRAS. Kadi inapoandikwa 22-22-22-52, nyakati hizo hufuatana kwa mpangilio wa CL, tRCD, tRP na tRAS.

Kosa kubwa katika kusoma nyakati ni kudhani kwamba namba ndogo daima ni bora. Nyakati huhesabiwa kwa mipigo ya saa, wala si kwa sehemu za sekunde, na mpigo wa kadi ya haraka ni mfupi kuliko wa kadi ya polepole. Ili kupata muda halisi kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, CL huzidishwa kwa 2,000, kisha jibu hugawanywa kwa kasi ya kadi. Kadi ya 3200 yenye CL 22 husubiri nanosekunde 13.75, na ya 2133 yenye CL 15 husubiri 14.06, kwa hiyo tofauti iliyoonekana kuwa mipigo saba kwa hasara ya kadi mpya hugeuka kuwa theluthi moja ya nanosekunde kwa faida yake. Hesabu hiyo ni ya safu iliyo wazi tayari. Katika kadi hiyo ya 3200, safu zote zikiwa zimefungwa, tRCD huongezwa na jumla kufika 27.5, na safu nyingine ikiwa wazi mahali pake, tRP nayo huongezwa na jumla kufika 41.25.

Hesabu hiyo ikirudishwa nyuma hufichua jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kadi ya DDR ya 400 yenye CL 3 ilisubiri nanosekunde 15, DDR3 ya 1600 yenye CL 11 husubiri 13.75, na DDR5 ya 4800 yenye CL 40 husubiri takriban 16.7. Katika vizazi hivyo vyote wingi wa data inayopita umeongezeka mara kumi na mbili, lakini kata ya kwanza hufika kwa karibu muda uleule, kwa kuwa kilichoongezwa ni idadi ya punda njiani, na kisima hakijasogezwa karibu. Kwa mwenye mashine ya nafasi mbili, njia rahisi ya kuongeza punda ni kuweka kadi mbili zinazolingana badala ya moja kubwa, kwani prosesa huzisoma kwa njia mbili sambamba, na uwezo wa kusafirisha data hukaribia kuongezeka maradufu bila kubadilisha kasi wala nyakati.

Hata hivyo, kwa kazi nyingi za Kitui na Makueni, swali la kasi huja baada ya swali la ukubwa. Katika saiba ambako kivinjari hufungua kwa pamoja kurasa za KRA, HELB, eCitizen na KUCCPS, au kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza anayeandika tasnifu huku video ya somo ikiendelea, RAM ya gigabaiti 4 hujaa, na mfumo huanza kuhamishia diskini data ambazo hazikupata nafasi. Ombi la data kwenye RAM, likijumuisha safari nzima ya kutoka prosesa na kurudi, huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya SSD huchukua takriban laki moja, na diski ya kuzunguka takriban milioni kumi. Iwapo safari ya RAM, kama ya kwenda kwenye tangi la nyumbani, ingechukua dakika moja, basi safari ya SSD ingechukua saa kumi na sita na ushei, na ya diski ya kuzunguka ingechukua siku 69. Hakuna tofauti ya 2400 na 3200 inayoweza kufidia safari kama hiyo.

Joto nalo lina nafasi yake katika vipimo. Kapasita huvuja, kwa hiyo kila safu hulazimika kujazwa upya ndani ya kila milisekunde 64, na chipu ya DDR4 inapozidi nyuzi 85 za Selisiasi kipindi hicho hupunguzwa hadi milisekunde 32, jambo linaloongeza muda ambao kumbukumbu haipatikani kwa kazi. Joto la chipu si joto la hewa, lakini feni iliyoziba kwa vumbi la Kibwezi au Mutomo hulikaribisha, na kuisafisha ni gharama ndogo kuliko kununua kadi ya kasi kubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kadi mpya, mnunuzi atazame kwanza kama mashine inachukua DDR3 au DDR4, kwani moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Kisha ahakikishe ukubwa unatosha. Kisha ajaze nafasi zote mbili. Na baada ya hapo tu aulize kasi ambayo prosesa yake inaweza kuifikia. Nyakati zije mwisho, na zisihukumiwe kabla ya kugeuzwa kuwa nanosekunde. Fundi anayemshauri mteja mwenye EliteBook 840 G3 alipie zaidi ili apate kadi ya 3200 amemuuzia kasi ambayo mashine hiyo haitaitumia kamwe.