Vinasaba vyaweza kufichua siri ya mito ya Thika na Ruiru

MITO ya Thika na Ruiru huanzia nyanda za juu za Aberdare, nayo miji yenye majina hayo imetengana kwa mwendo mfupi wa gari. Hata hivyo, maji ya mito hiyo hufika Bahari Hindi kwa njia mbili tofauti.

Thika humwaga maji yake katika Tana, ambao huingia baharini karibu na Kipini. Ruiru nao hujiunga na Athi, mto unaobadilika jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki, kabla ya kufika baharini kaskazini mwa Malindi.

Kwa hivyo, uchafu unaotupwa mtoni huku bara unaweza kuwadhuru kaa, konokono na minyoo wanaoishi kwenye tope la pwani, pale maji baridi yanapochanganyika na ya chumvi.

Viumbe hawa wasio na uti wa mgongo ni mashahidi wa hali ya mto. Mabuu ya baadhi ya wadudu hufa oksijeni inapopungua majini, ilhali mengine hustahimili uchafu. Tatizo ni kwamba mabuu ya spishi tofauti hufanana mno, hata chini ya darubini.

Hapo ndipo vinasaba, yaani DNA, hufaa. Mnamo 2003, Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walipendekeza sehemu fupi ya jeni moja, yenye herufi zipatazo 650, itumiwe kutambulisha spishi za wanyama, jinsi mistari myeusi kwenye pakiti ya unga inavyoitambulisha bidhaa dukani.

Mtafiti huchota tope, huwahifadhi viumbe katika alkoholi, hutoa vinasaba vyao, hunakili sehemu hiyo mara nyingi katika maabara, kisha huilinganisha na hazina ya data ya kimataifa. Hata maji yenyewe hupimwa, kwa kuwa viumbe huacha chembe za miili yao humo.

Mbinu hii ina mipaka. Haiwezi kutaja jina la kiumbe ambaye hajawekwa katika hazina hiyo, na spishi nyingi za Afrika bado hazimo. Isitoshe, mafuriko huweza kubeba vinasaba kutoka bara hadi pwani na kumpotosha mtafiti.

Mashine, basi, haichukui nafasi ya mtaalamu wa makavazi. Lakini bila orodha ya viumbe walioko leo, itakuwa vigumu kesho kuthibitisha ni wepi waliotoweka, na ni nani anayepaswa kuulizwa.